Uliza Kwanza Kopo Litalala Wapi

Mwanangu, umeniuliza kwa nini watu wa dawakinga, hii PrEP, wanakuja mara moja, wanapokea kopo la vidonge kwa mikono miwili, wanakushukuru, halafu hawaonekani tena. Umeuliza kwa uchungu, nami nimefurahi kwamba unaona uchungu, maana wako walioletwa huku Buhigwe kabla yako ambao waliandika "mtoro" kwenye rejesta wakafunua ukurasa mwingine. Mimi nimechoka, sitakuficha. Magoti hayanipandishi tena vilima vya Munanila. Lakini kwa jambo hili nitakaa na wewe mpaka tulimalize, kwa sababu dawa unayoigawa leo sisi wa zamani tuliitamani kabla haijakuwepo.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi hii walitambuliwa Kagera mwaka 1983, kwa jirani zetu wa kaskazini. Kwa miaka ishirini iliyofuata kazi ya nesi ilikuwa kubadilisha mashuka, kulowesha midomo iliyokauka, na kuwaambia ndugu kwa sauti ya chini watafute gari la kurudi nyumbani. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na hapo ndipo tulipoanza kuona watu wakinyanyuka vitandani na kurudi shambani. Kwa hiyo nikimwona binti mzima, hana virusi, anapewa kidonge kimoja kwa siku ili asije akavipata, mwili wangu wote unasisimka. Wewe umeingia kazini ukaikuta dawa hii. Naelewa kwamba kwako ni kazi ya Jumatatu kama kazi nyingine.

Sasa nisikilize vizuri. Yule wa CTC, kliniki ya dawa za kufubaza, amezika ndugu. Au yeye mwenyewe aliwahi kubebwa kwenye machela akiwa mifupa, akameza dawa, akatembea. Hahitaji mtu wa kumweleza anachokimeza ni nini. Huyu wa dawakinga haumwi. Akianza PrEP haumwi, akiacha haumwi, akisahau wiki nzima anaamka asubuhi na jembe lake yuko vilevile. Dawa ikifanya kazi yake barabara, hakuna kinachoonekana. Wiki za mwanzo ndiyo kwanza inamtia kichefuchefu na kumuumiza kichwa, yaani inamfanya mtu mzima ajisikie mgonjwa. Halafu wewe unashangaa kwamba ameacha. Mimi nashangaa wale wanaoendelea, na ningependa ujifunze kutoka kwao kabla hujawalaumu wenzao.

Kuna utafiti ambao kila nesi angepaswa kuujua. Uliitwa FEM-PrEP. Ulichukua wanawake zaidi ya 2,100 wasio na virusi, huko Bondo nchini Kenya, Arusha kwetu hapa, na Afrika Kusini. Nusu wakapewa vidonge vyenye dawa, nusu vidonge vitupu, na wenyewe hawakujua nani kapewa kipi. Mwaka 2011 ukasimamishwa. Upande wa dawa walikuwa wameambukizwa 33, upande wa vidonge vitupu 35. Ungesema dawa haina maana. Lakini mwaka huohuo utafiti mwingine, Partners PrEP, uliofanywa Kenya na Uganda kwa wenza ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, ulionyesha kidonge hichohicho kimepunguza maambukizi kwa asilimia 75. Tofauti ilikuwa nini? Walipopima damu za wanawake wa FEM-PrEP, chini ya asilimia 40 ndio waliokutwa na dawa mwilini. Dawa ilikuwa kwenye makopo.

Na kitu kinachoniumiza zaidi ni hiki: asilimia 95 ya wanawake hao walikuwa wamewaambia wauguzi kwamba wanameza siku zote au karibu siku zote. Vidonge vilivyobaki vilipohesabiwa, hesabu ilikaribia kulingana na maneno yao. Fikiria maana yake. Mwanamke alitoa vidonge kwenye kopo, akavitupa au akavigawa, akaja kliniki na kopo lenye hesabu nzuri, ili tu nesi asikasirike. Mimi siwaiti waongo. Waliona uso wa mtu aliyetaka kusikia jibu moja, wakampa jibu hilo. Wengi wao walisema hawakuwa wakijiona katika hatari kubwa.

Umeona jinsi mama wa Kiha anavyokunja goti kukusalimia, hata ukiwa mdogo kuliko mwanawe wa mwisho. Mwanamke wa namna hiyo hawezi kukuambia usoni kwamba hajafanya ulichomwagiza. Ukimuuliza "Unameza?" atasema "Nameza." Ukimuuliza "Kila siku?" atasema "Kila siku." Umeuliza, umejaza fomu, na hujui kitu. Jaribu hivi: "Mama, wengi siku zinawapita, na mimi ningepitiwa pia. Wiki hii iliyopita ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Usishike kalamu. Atazungumzia mtoto aliyeumwa, mvua, mkwe aliyekuja kulala. Mle ndani ndimo vidonge vilimopotelea, na utavikuta bila kuvitaja.

Kabla ya hapo lakini, siku ile ya kwanza kabisa, uliza kopo litalala wapi.

Nakwambia hili kwa sababu nimemwona mama mmoja, mchuuzi wa ndizi, mumewe dereva wa safari ndefu. Alieleweshwa vizuri: jinsi dawa inavyofanya kazi, saa ya kumeza, tarehe ya kurudi, kila kitu. Nyumba yao ina vyumba viwili na mkwe analala kimoja. Kopo la PrEP, unalijua, ni lilelile jeupe linalofanana na la dawa za kufubaza, na ukitembea nalo vidonge vinagongana, kila mtu kijijini anaitambua sauti hiyo. Akatia pamba ndani ili visilie, akalifukia katikati ya gunia la maharage ya mbegu. Alidumu nalo vizuri, hakukosa siku. Mvua zilipoanza, mkwe akaamka mapema kuliko yeye akafungua gunia kupima mbegu. Jioni hiyo kikao kilikuwa kimeshakaliwa, na kila aliyekaa alikuwa na hakika kwamba huyu mwanamke ana virusi na amevificha. Alirudishwa kwao na nguo alizovaa. Kipimo chake kilikuwa safi siku hiyo, na kimeendelea kuwa safi, lakini nani angemsikiliza? Hakuna mtu zahanati aliyekuwa amemuuliza swali dogo la nyumba yake ilivyo.

Basi uliza. Kama nyumbani hakuna mahali, tafutaneni pengine: kwa dada yake, kwa rafiki wa sokoni, kwenye meza yake ya biashara. Wako wanaochukua vidonge vya wiki moja tu kwenye kijikopo kidogo kinachofunga vizuri, lile kubwa likabaki kwa mtu wanayemwamini pamoja na kile kifuko cha kukausha unyevu, maana ukungu wa huku juu hauihurumii dawa. Muulize pia kama yuko mtu mmoja anayeweza kumwambia. Mmoja anatosha. Naamini wale wenza wa Kenya na Uganda walifanikiwa kwa sehemu kubwa kwa sababu hii: kulikuwa na mtu wa pili kitandani anayejua, anayesema, "Umeshameza?" Kama mwenza hawezi kuambiwa, usimlazimishe. Anaijua nyumba yake kuliko wewe. Kama anaweza, jitolee kumweleza mume mwenyewe, kwa heshima, kwamba hiki ni kidonge cha mtu asiye na virusi. Wanaume wengi hawajawahi kusikia kwamba kitu kama hicho kipo.

Na benchi. Usiwakalishe kwenye benchi la CTC. Kila anayepita barabarani analijua benchi lile. Mtu wa dawakinga anaweza kuchukuliwa pamoja na wa uzazi wa mpango, au mlango wa nyuma, au saa za jioni. Usiniambie mpangilio wa jengo hauruhusu. Nimefanya kazi kwenye majengo mabaya kuliko hilo.

Jambo la pili ambalo nataka ulishike, na hapa wenzako wa mjini watakubishia, ni kwamba dawakinga haina sharti la kumezwa maisha yote. Tunawatisha watu kwa kuwafanya waone wameingia kifungo. Wewe umekulia Dodoma, lakini hapa umeshaona vijana wanavyolala shambani kwenye vibanda mahindi yakianza kukomaa, kufukuza ngedere na nguruwe pori. Hakuna anayelinda shamba lililokwisha kuvunwa, na hakuna anayeitwa mvivu kwa kurudi kulala nyumbani baada ya mavuno. Ila msimu ujao anatakiwa awe kibandani kabla ngedere hawajafika. Dawakinga nayo ni hivyohivyo.

Buha, nchi yetu hii ya Waha, imekuwa nchi ya watu wanaoondoka tangu enzi za manamba, wazee wetu walipopelekwa kukata mkonge Tanga na Morogoro. Leo vijana wanakwenda kwenye tumbaku Tabora, kwenye mpunga Katavi, kwenye machimbo ya Geita na Chunya. Mke anabaki na watoto na kahawa. Mwezi wa tatu ameacha vidonge, nawe unamwandika mtoro. Kwake yeye ameacha kwa sababu halali na mtu. Ana haki! Kosa liko pale ambapo hakuna aliyemwambia namna ya kuacha na namna ya kuanza tena. Mwambie: unapoacha, endelea kumeza siku ambazo mwongozo unaelekeza baada ya mara ya mwisho mliyokutana, usikate usiku uleule. Na mume akipiga simu kusema anarudi, hiyo simu ndiyo siku yako ya kuja kupima na kuanza upya, kwa sababu mwili wa mwanamke unahitaji walau siku saba za kumeza mfululizo ndipo ulinzi ukae sawa. Dawa hukaa kidogo kwenye njia ya uzazi kuliko sehemu nyingine za mwili, kwa hiyo mwanamke hana nafasi ya kuruka siku nyingi. Mwambie hivyo bila kumtisha. Akipitiwa siku moja, ameze anapokumbuka, kesho aendelee.

Msimu wa hatari haufanani kwa watu wote. Kwa mwenye mwenza aliyeanza dawa za kufubaza majuzi, unaweza kuisha virusi vya mwenzake vikishapimwa na kuonekana vimefubazwa vizuri. Kwa binti anayeuza chakula karibu na kambi za mafundi wa barabara, unaweza kuisha kambi ikihama. Hii barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu mpaka Manyovu ni kilomita 260 hivi, na kila ilipopita imeleta mishahara na wanaume walio mbali na wake zao. Kwa mama wa mpakani Manyovu anayevuka kwenda Burundi na kurudi na bidhaa zake, msimu hauna mwisho unaojulikana. Kwa hiyo usitoe hotuba moja kwa wote.

Wakubwa watakuambia huku hakuna tatizo kubwa. Ni kweli kwamba utafiti wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha asilimia 4.4 ya watu wazima nchini wanaishi na virusi, Njombe ikiwa zaidi ya asilimia 12, na Kigoma yetu iko chini kabisa ya wastani. Mimi namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini virusi vinaingia huku kwa miguu ya wanaosafiri, na mtu aliyezoea kusikia kwamba kwao ni salama ndiye asiyejiona katika hatari, kama wengi wa wale wanawake wa FEM-PrEP.

Madhara ya dawa nitayapita haraka kwa sababu umeyasoma. Waambie mapema kwamba kichefuchefu na tumbo kujaa gesi kwa kawaida huisha ndani ya mwezi mmoja, na kwamba wengi huona nafuu wakimeza usiku baada ya kula. Asiyeambiwa anadhani dawa imemkataa. Pima figo kama mwongozo unavyotaka, na uangalie homa ya ini. Wakumbushe kwamba PrEP haizuii mimba wala kisonono. Na pombe: watu wa huku wanaamini ukinywa lubisi usimeze kidonge, kwa hiyo kila harusi inaondoka na siku mbili tatu za dawa. Waambie pombe haiui dawa. Mlevi husahau, basi, ameze kabla hajaenda kwenye sherehe.

Kupima kila miezi mitatu ndiko wanakokuchukia zaidi, na ndiko usikokubali kupunguza hata kidogo. Mtu akiambukizwa akiwa anameza kidogo kidogo, hizo dawa mbili zilizomo ndani ya kidonge haziwezi peke yake kumtibu, na virusi vinaweza kujifunza kuzishinda. Mweleze sababu hiyo. Nimeona watu wakikubali sindano kwa uzito wa sababu, na wakiikataa kwa uzito wa amri. Na tarehe ya kurudi mpe inayoangukia siku ya gulio. Mwanamke anayeshuka na debe la maharage hana haja ya kueleza anakokwenda. Ukimpa Jumatano ya katikati ya kupalilia, anahitaji nauli ya bodaboda na uongo wa kumwambia mkwe, na huna haki ya kumdai vyote viwili.

Akirudi baada ya kupotea, hapo ndipo nesi anapopimwa. Binti mmoja alirudi kwenye kituo kimoja, sitakitaja, akapokelewa kwa kelele uwanjani, mbele ya foleni: "Ehee, mtoro wetu kaja!" Aligeuka akaondoka. Nilikutana naye baadaye kliniki ya wajawazito, na kipimo chake hakikuwa kile cha zamani. Aliyekuwa akipiga kelele hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, ana foleni ndefu na ripoti ya mwezi. Najua uchovu huo kuliko wewe. Lakini anayerudi amekwisha kujisema mwenyewe njia nzima. Sema, "Karibu, umefanya vizuri kuja," mpime, mpe, mpangie. Ukiona ulimi unakuwasha, nenda kanywe maji.

Mwaka 2025 ulituonyesha pia kwamba si wao tu wanaokatiza. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada mwezi wa kwanza, kisha ikaruhusu sehemu irudi, dawakinga inayolipiwa na fedha zake ilibaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Wahudumu wengi wa jamii waliokuwa wakilipwa posho na miradi walibaki mikono mitupu. Watu waliokuwa wakimeza vizuri waligonga mlango wakaukuta umefungwa, kisha tukawasimanga kwa utoro. Ukiwa huna dawa, sema huna, na useme ni lini utajua. Usimwambie mtu "njoo kesho" kwa kujua kwamba kesho haipo.

Umeniuliza pia kuhusu sindano mpya. Ni kweli. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya lenakapaviri, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, iliyojaribiwa Uganda na Afrika Kusini: kati ya wanawake na mabinti 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Niliposoma habari hiyo nililia, mzee mimi. Ikienea mpaka zahanati za huku juu, suala la kopo litakwisha, na mkwe hatakuwa na cha kufukua kwenye gunia. Lakini bado mtu atatakiwa ajione ana sababu ya kuja, apate nauli, akumbuke tarehe baada ya miezi sita, na awe anapenda namna ulivyompokea mara iliyopita. Ukijifunza sasa kwa vidonge, sindano itakukuta tayari.

Kazi yako ya wiki hii ni hii. Fungua rejesta, toa majina ya waliopita tarehe. Usimtume mtu kwenye pikipiki yenye nembo ya mradi, wala aliyevaa fulana yenye utepe mwekundu. Piga simu wewe mwenyewe, na akipokea mtu mwingine, sema umekosea namba, usiache ujumbe. Kwa wasio na simu, mtumie mhudumu wa kijiji ambaye huwapitia watu wote kwa habari za vyandarua na chanjo, apite nyumba zote za kitongoji bila kuruka hata moja. Na ukague stoo kabla ya hayo yote. Tumbaku imeanza kuuzwa Tabora, waume wataanza kupiga simu, na wake zao watakuja ghafla kwa pamoja. Hesabu makopo na vipimo leo jioni, na kama havitoshi, peleka maombi wilayani kesho asubuhi.